Kuyachunguza Matendo ya Bwana

Somo letu ni Zaburi ya 111, mstari wa 2. Hapo twafundishwa kwamba wale waifurahiao kazi ya Mungu hawatosheki kuitazama kwa mbali, bali huisogelea na kuichunguza.

Leo nataka tumfikirie mtu mmoja aliyechunguza. Zamani watu wa Ulaya walidhani malaria huletwa na hewa mbaya itokayo kwenye vinamasi, na ndiyo maana ya jina hilo katika Kiitalia. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Laveran, akiwa Algeria, aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Lakini viliingiaje mwilini? Hilo lilikuwa bado fumbo.

Ronald Ross, daktari katika utumishi wa Waingereza huko India, akalishika swali hilo. Tangu mwaka 1895 alipasua mbu mmoja baada ya mwingine, akawatazama kwa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo mno. Joto lilikuwa kali, wala hakuweza kupepewa, maana upepo ungewapeperusha mbu wake. Jasho lake likatia kutu skrubu za hadubini. Miaka miwili ikapita bila kupata alichokitafuta, kwa kuwa mbu wengi aliowapasua hawakuwa wa aina ichukuayo malaria.

Hata tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, akaona katika tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa chembe asizopata kuziona kamwe. Mwaka uliofuata, mjini Calcutta, akichunguza malaria ya ndege, alivifuata vijidudu mpaka kwenye tezi za mate za mbu. Basi ikajulikana kwamba mbu aumapo ndipo apandapo ugonjwa. Mwaka 1902 Ross alipewa Tuzo ya Nobel.

Ndugu zangu, Ross hakuumba kitu. Jambo lile lilikuwapo tangu zamani, likimngoja mtu mwenye subira. Naye alipolipata aliandika beti za kumshukuru Mungu.

Mama mmoja Mkristo aliniuliza hivi: "Mchungaji, tumekwisha kumwombea mtoto. Nikimpeleka akapimwe damu, si nitakuwa nimemwonea Mungu shaka?" Nilimfungulia Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akaahidi kumponya. Hata hivyo, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilitoka kwa Mungu, na tini zilitoka kwa Mungu. Mama yule alinyamaza kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati.

Mpendwa, homa ya mtoto haingoji. Omba, kisha ondoka uende akapimwe. Yule kijana wa maabara anayetazama tone moja la damu yumo katika kazi ya Bwana, hata kama yeye mwenyewe hajui. Mwaka 2019 nchi yetu ilianza kuwapa watoto wa sehemu za magharibi chanjo ya malaria, baada ya watafiti kuishughulikia kwa zaidi ya miaka 30. Je, kanisani kwenu mmewahi kuwaombea watu kama hao?

Lakini tusiigeuze elimu kuwa mungu. Hadubini huonyesha kijidudu, wala haiwezi kumsamehe mtu dhambi zake. Kwa hilo twamwendea Kristo peke yake.

Tuombe. Ee Mungu Muumbaji wetu, wape subira na unyofu wote wachunguzao kazi za mikono yako. Wahurumie watoto walio na homa usiku huu, na uwape wazazi wao imani iombayo na miguu iendayo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.