Mtoto Hapakatwi Garini

Msikilizaji, kuna ubishi umeingia katika familia zetu, hasa za mijini. Mama kijana anamfunga mwanawe kwenye kiti cha mtoto, nyuma ya gari. Mtoto analia. Bibi aliyekaa pembeni hawezi kuvumilia: "Mfungue nimpakate. Wewe nilikutoa hospitali nimekupakata, na mbona upo?"

Bibi hasemi hivyo kwa kukosa huruma. Kizazi chake kilibeba watoto mgongoni kwa mbeleko iliyokazwa vizuri, na kwa mwendo wa miguu hakuna ulinzi ulioushinda huo. Kilichobadilika ni mwendo. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anatupwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 200. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuuzuia uzito huo, hata mama awe na mapenzi kiasi gani. Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, anamwangukia mtoto na kumbana kwenye dashibodi.

Na lile swali la "mbona upo" linaniumiza, kwa sababu wanaoweza kulijibu ni waliobaki hai tu. Wale ambao mapaja hayakuwaokoa hatunao mezani tubishane nao.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Tennessee, daktari wa watoto Robert Sanders aliwahimiza wabunge kwa miaka hadi mwaka 1978 sheria ya kwanza ya viti vya watoto nchini humo ikaanza kutumika. Lakini wabunge walikuwa wamechomeka kifungu kinachoruhusu mtoto kupakatwa. Ni hoja ya bibi ileile, safari hii imeandikwa kwenye sheria! Sanders hakukubali, na mwaka 1981 kifungu hicho kikafutwa. Ilipofika 1985, majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Fikra za taifa zima ziligeuka ndani ya muda mfupi, kwa sababu madaktari walisema na sheria ikawaunga mkono.

Sasa nije kwetu sisi wazazi wa leo, maana bibi tumemsema vya kutosha. Watoto wengi wa nchi hii hawapandi gari la baba. Wanapanda bodaboda. Kanuni za Tanzania za mwaka 2010 zilikataza bodaboda kubeba mtoto aliye chini ya miaka 9. Simama nje ya geti la shule yoyote asubuhi uone mishikaki inavyoshuka: mmoja kwenye tangi, wawili nyuma, dereva ana kofia ngumu, watoto vichwa wazi. Anayewapakia si bibi. Ni mimi na wewe, tuliosoma, tunaojua, tunaomkemea bibi Jumapili ndani ya gari la kuazima na Jumatatu tunampungia mtoto mkono akiondoka na bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo mtoto aliyetimiza umri wa kupanda pikipiki anunuliwe kofia yake mwenyewe, inayombana kichwani na yenye mkanda unaofungwa kidevuni. Ile ya abiria mkubwa inamchezea kichwani na itamvuka pale pale atakapoihitaji. Aliye chini ya miaka 9 asipande kabisa. Atembee na mkubwa, au apande basi la shule.

Na hilo basi nalo tulitazame. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, kabla hamjafika kwenye ajenda ya ada, mwulizeni mwalimu mkuu: lina viti vingapi, vingapi vina mikanda, na kila asubuhi linabeba watoto wangapi?