Mshahara wa Kijana wa Maabara

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Kiandutu, Thika)



Tumeombwa tuseme habari ya mishahara ya vijana wanaoanza kazi ya utafiti. Mtu atauliza, watu wa reli wanajua nini habari ya maabara? Sisi elimu yetu ni shule ya msingi ya misheni, basi. Lakini habari ya mshahara tunaijua. Tena wanaofanya kazi hiyo ni wadogo zetu na watoto wa jirani zetu, na jioni wanarudi hapa hapa Kiandutu kukopa unga dukani.

Kwanza tuiangalie kazi yenyewe. Gari la moshi likitoka Thika kwenda Nairobi hupita Ruiru, na huko Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Wazee wanakumbuka ugonjwa ule wa CBD ulivyowatia wakulima hasara kubwa mwaka 1968, matunda yakawa meusi yangali mabichi. Wataalamu wakatafuta mbegu yenye nguvu, na mwaka 1985 ikatolewa Ruiru 11, halafu mwaka 2010 ikatolewa Batian. Wakubwa wa kazi hiyo wameandikwa vitabuni. Lakini mbegu ya Ruiru 11 hutengenezwa kwa mikono ya watu. Ua la kahawa hushikwa kabla halijafunguka, viume vyake hutolewa, kisha hupakwa unga wa mti mwingine uliochaguliwa. Ua la kahawa halingojei mtu. Likichanua, siku chache tu limenyauka. Na mkono ukikosea, hiyo si Ruiru 11 tena, na mkulima atakuja kujua shamba limekwisha kupandwa. Hatusemi kwamba kituo hicho kinalipa vibaya. Tumekitaja ili mwone kwamba kazi hii si ya kuokota kuni.

Sasa sikilizeni vijana wanavyotuambia. Kijana ana diploma, pengine digrii. Anaingia mahali, hatutasema wapi, anaambiwa yeye ni mtu wa kujifunza, hakuna mshahara. Miezi ikiisha anaambiwa yeye ni kibarua. Baadaye anaandikwa chini ya mradi, na pesa za mradi zinatoka ng'ambo. Miaka minne anapima udongo kwa chupa zile zile, anamfundisha kila mgeni anayeletwa, na yeye mwenyewe hana daraja. Katika reli, hata anayeshika koleo katika gengi anataka kujua daraja lake ni lipi na la juu yake ni lipi. Mtu asiye na daraja hawezi kudai nyongeza, maana atadai kutoka wapi kwenda wapi?

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilisema mtumishi wa serikali asiye Mzungu, hata akiwa na cheti kile kile, apewe sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikasema hesabu hiyo iondolewe, lakini ikaacha nyongeza ya kumvuta mtu wa ng'ambo. Basi tofauti ilitolewa mlangoni ikarudi kwa dirisha.

Na katika siku zetu, madaktari sita watafiti waliishitaki taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wakisema watafiti wa hapa wanabaguliwa na wageni wanapendelewa. Mwaka 2014 mahakama ya kazi iliwapa haki, kila mmoja alipwe shilingi milioni 5. Vijana wengi walishangilia. Lakini Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo, kwamba walioshitaki hawakuleta ushahidi wa kutosha. Hao ni madaktari, ndugu zangu, watu wa kusoma na kuandika kutwa. Je, kijana wetu ambaye hajapewa hata barua ya kuajiriwa ataonyesha nini?

Kwa hivyo shikeni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Kifungu cha 9 kinasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Na kifungu cha 10 kinasema tajiri asipouonyesha mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Matajiri wengi wanakijua kifungu hicho vizuri sana, ndiyo maana humpumzisha mtu siku chache halafu wakamwita tena.

Tajiri husema, pesa si zangu, ni za mradi. Ni kweli miradi hufa. Mwaka 2025 Marekani ilipoufunga mfuko wa USAID, watu wengi wa miradi katika Kenya walikosa kazi. Lakini mradi wa miaka mitatu unaweza kumwandikia mtu mkataba wa miaka mitatu, kama unavyoandika mkataba wa kukodi gari.

Wako pia wanachama wanaonung'unika: sisi tunakata mananasi, kwa nini tuwalilie wenye digrii? Tunawajibu hivi. Mwenye digrii akikubali pesa za kibarua, kibarua atapewa nini? Na ni mtoto wa nani anayeweza kukaa maabara mwaka mzima bila mshahara? Wa Kiandutu hawezi. Ataacha darubini apande bodaboda, na kiti chake kitakaliwa na mtoto wa mwenye nyumba ya kupangisha.

Jumamosi katibu atakuwa hapa tangu saa tatu asubuhi. Mwenye barua ya kazi ailete. Asiye na barua alete daftari lenye siku alizofanya kazi, pesa alizopokea na jina la msimamizi wake. Na kama alilipwa kwa simu, asifute zile habari za M-Pesa.