Mkataba wa Pango ni Ahadi Mbele ya Mungu



Wapendwa waamini na viongozi wa walei,

Miongoni mwetu tuzungumzao Kiswahili hapa Marekani wamo wapangaji wanaosaidiwa kodi na serikali, na wamo pia waliojaliwa nyumba za kupangisha. Leo nasema nanyi nyote juu ya karatasi mnayoitia sahihi pamoja.

Msaada huu wa vocha, ujulikanao kama Section 8, una chanzo chake katika sheria ya mwaka 1974. Kwa kawaida familia hulipa kiasi cha asilimia 30 ya pato lake, na mamlaka ya nyumba ya mahali humlipa mwenye nyumba sehemu inayobaki, hadi kiwango kilichowekwa. Kwa hiyo mikataba ni miwili: mmoja kati ya mwenye nyumba na mpangaji, mwingine kati ya mwenye nyumba na mamlaka. Ule wa mpangaji huambatanishwa na masharti ya serikali, na vifungu vikipingana, masharti hayo ndiyo yenye nguvu.

Basi, tushike mambo matatu.

Kwanza, kodi ni ile iliyoidhinishwa. Tuseme ni dola 1,200: familia hulipa 300, mamlaka 900. Mwenye nyumba akidai 150 zaidi kwa siri, amevunja mkataba, na mpangaji anayelipa anaweza kuhatarisha vocha yake. Mama hukubali kwa kuogopa watoto wake kukosa makao. Kuifanya hofu hiyo kuwa chanzo cha faida ni dhuluma.

Pili, mamlaka ikichelewa kulipa sehemu yake, mpangaji hana kosa, wala hawezi kufukuzwa kwa sababu hiyo. Anayetaka kumtoa mpangaji sharti awe na sababu inayokubaliwa, tena apitie mahakamani. Kubadili kufuli usiku si sheria wala si Ukristo.

Tatu, mpangaji naye ana wajibu. Alipe sehemu yake kwa wakati, aitunze nyumba, na aeleze pato lake kwa ukweli. Ukarimu wetu wa kuwapokea ndugu ni mwema; lakini ndugu anayehamia aombewe kibali kwanza, asije akaiponza familia nzima.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 26, uliitaja nyumba pamoja na chakula na mavazi kati ya mambo ambayo mtu anayahitaji ili aishi kwa utu. Mwenye nyumba anayetenda haki anashiriki utume huo.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, nawasihi: pasiwe na mwanajumuiya anayetia sahihi maneno asiyoyaelewa. Atafutwe mkalimani, nakala ihifadhiwe, na kila malipo yawe na stakabadhi. Nanyi wenye nyumba, kifungu msichothubutu kukisoma kwa sauti mbele ya jumuiya, msikiandike.

Mungu awabariki.