Matumbawe na Udongo wa Milima ya Upare

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za wanyama fulani wa majini, nao ni sifongo, konyeza na matumbawe. Huenda mtu wa Same akauliza, "Sisi tu watu wa milima na nyika, na bahari iko mbali nasi. Wanyama hao watuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ndilo shabaha ya mazungumzo haya. Lakini yatupasa kwanza tuwajue wanyama wenyewe.

Tuanze na sifongo. Watu wengi wamemwona akiwa amekwisha kufa, kwa maana kile kitu laini chenye matundu, kinyonyacho maji, ambacho watu hukitumia kuogea, asili yake ni kiunzi cha mwili wa mnyama huyu. Siku hizi vingi hutengenezwa viwandani, lakini jina na mfano vimetoka kwake. Akiwa hai hukaa ameshikamana na jiwe chini ya maji, haondoki mahali pake, wala hana kinywa, wala tumbo, wala moyo, wala ubongo. Si ajabu kwamba watu wa zamani walimdhani kuwa mmea. Mwili wake wote umejaa vitundu vidogo. Ndani mwake mna chembe nyingi, na kila chembe ina kitu kama mjeledi mdogo, ambao huupigapiga bila kupumzika. Kwa mapigo hayo maji huvutwa ndani kwa vitundu vidogo, chakula kikachujwa, kisha maji yakatoka kwa tundu kubwa. Tungeweza kumfananisha na chujio la tui, ila chujio hili hujiendesha lenyewe usiku na mchana.

Mwaka 1907 mtaalamu mmoja wa Marekani, H. V. Wilson, alimkamua sifongo hai katika kitambaa chepesi hata akatawanyika kuwa chembechembe. Akaziacha chembe zile majini, akaziangalia. Zikatambaa, zikakutana, zikashikana, zikajijenga upya kuwa sifongo. Ng'ombe wala kuku hawezi jambo hilo. Basi tusimdharau kiumbe kwa sababu maumbile yake ni mepesi.

Wa pili ni konyeza, ambaye mahali pengine huitwa yavuyavu. Umbo lake ni kama mwavuli wa maji mazito, na chini yake huning'inia minyiri kama nyuzi. Zaidi ya sehemu tisini katika mia ya mwili wake ni maji matupu, hata akitupwa ufukoni na kukaushwa na jua hubaki utando mwembamba tu. Naye hana moyo wala ubongo. Tundu lake ni moja, ambalo hulitumia kwa kula na kwa kutoa mabaki ya chakula. Lakini amejaliwa silaha kali. Katika minyiri yake mna vijifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kijifuko mna uzi uliokunjwa wenye sumu. Kitu kikiigusa minyiri ile, uzi hufyatuka kwa ghafula na kuchoma. Kwa hiyo wanafunzi wakienda pwani wasimshike konyeza aliyekufa mchangani, kwa maana vijifuko vyake vyaweza kufyatuka hata baada ya kufa kwake.

Wala tusidhani kwamba konyeza ni wa bahari tu. Mwaka 1883 Mjerumani mmoja, Richard Böhm, aliwaona konyeza wadogo katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni matamu na liko mbali mno na bahari. Habari hiyo iliwashangaza wataalamu wa Ulaya, na wengine wao walifikiri kwamba ziwa hilo zamani lilikuwa mkono wa bahari. Baadaye wazo hilo lilikataliwa, lakini konyeza wangaliko ziwani, upana wao wapata sentimeta mbili hivi, wakielea kwa amani.

Sasa tufike kwa matumbawe, ambayo ndiyo kiini cha habari zetu. Sisi wa nyika ya Same twavijua vichuguu. Twaona lundo la udongo refu kuliko mtu, gumu kama tofali, nasi twajua kwamba aliyelijenga ni mchwa, mdudu mdogo tu, akisaidiana na wenziwe wengi. Tumbawe ni jambo la mfano huo chini ya bahari. Jiwe tulionalo si mnyama mwenyewe, bali ni nyumba yake. Mnyama ni kitu laini, na katika aina nyingi ni mdogo kama punje ya hindi au chini ya hapo. Mwili wake ni kama kikombe, na ukingoni mwa kikombe ipo minyiri mifupi izungukayo kinywa, hata akichanua hufanana na ua. Yeye na konyeza ni wa ukoo mmoja, kwa kuwa naye ana vile vijifuko vichomavyo, ingawa katika aina nyingi havimdhuru mtu.

Mnyama huyu huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akaifanya jiwe chini yake na kandokando yake. Akifa, mwingine hujenga juu ya nyumba yake. Yako matumbawe yaliyo kama mawe ya mviringo, ambayo huongezeka kwa sentimeta moja hivi tu kwa mwaka. Yako na yenye matawi, ambayo huenda mbio zaidi. Hata hivyo mwamba mkubwa wa matumbawe ni kazi ya maelfu ya miaka. Mji wa Mombasa umesimama juu ya mwamba wa namna hiyo, uliojengwa baharini zamani sana. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, na msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo.

Je, mnyama mdogo asiyeweza kutembea hupata wapi nguvu za kazi kubwa kama hiyo? Hukamata vijidudu kwa minyiri yake, lakini hicho ni chakula kidogo. Siri yake ni kwamba ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo mno, isiyoonekana ila kwa darubini. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kama yafanyavyo majani ya mgomba, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Naye huipa mimea hiyo makao na mbolea. Ni ujima wa kweli, kila mmoja akimfaa mwenzake.

Hapa sasa tunalifikia jawabu la swali letu. Mimea haiwezi kufanya kazi gizani. Kwa hiyo matumbawe ya namna hii hustawi katika maji maangavu, yasiyo ya kina kirefu, ambamo jua hupenya. Maji yakichafuka kwa tope, mwanga hupungua na chakula hupungua. Tope likizidi na kutua juu ya matumbawe, huyafunika na kuyaziba pumzi, nayo hulazimika kutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kujenga. Ndiyo sababu mbele ya milango ya mito mwamba hukatika, kwa maana tope na maji matamu ya mto huyazuia matumbawe kuota hapo.

Na tope hilo latoka wapi? Hutoka mashambani. Tuifuate safari ya maji yetu. Mvua inyeshayo Upare ya Kaskazini, sehemu yake huingia Ziwa Jipe, kisha huchukuliwa na mto Ruvu hata bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, na kutoka hapo huwa mto Pangani. Mvua ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, hushuka kwa mito kama Hingilili na Yongoma, ikanywesha mashamba ya Gonja na Ndungu, kisha huelekea bonde la Mkomazi, na mto Mkomazi huenda kuungana na Pangani upande wa Korogwe. Maji yote hayo hupita katika mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na mwisho wake ni baharini, penye mji wa Pangani. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka katika msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye kimo cha meta 2,462, laweza kufika kwenye bahari ya matumbawe.

Ni kweli kwamba mabwawa hulizuia tope jingi njiani. Lakini hilo si faraja kwetu. Bwawa lipokealo tope kila mwaka hupungua kina, na likipungua kina hupungua maji ya kumwagilia, na samaki, na nguvu ya umeme. Tope jembamba lisilotua hupita, likaenda mbele. Hivyo udongo mmoja uliotoroka shambani huharibu mara tatu: humwibia mkulima rutuba yake, hujaza bwawa la jirani, na mwishowe huchafua maji ya mvuvi asiyemjua.

Wala hasara ya mvuvi si ndogo. Miamba ya matumbawe haifiki sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari yote, lakini yapata robo ya aina za viumbe wa baharini waliojulikana huishi humo kwa sehemu fulani ya maisha yao. Changu na wengine wengi waletwao sokoni hupata humo chakula na maficho. Tena mwamba huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Mwamba ukifa, mawimbi hula nchi.

Twapasa kusema haki: udongo wetu si adui wa pekee. Wako wavuvi waliotumia baruti, ambayo kwa mshindo mmoja huvunja kazi ya miaka mingi. Na joto la bahari limezidi. Mwaka 1998 maji ya pwani yetu yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakaifukuza ile mimea yao midogo, yakapauka yakawa meupe, na mengi yakafa. Jambo hilo lilitokea tena mwaka 2016. Joto hilo mkulima wa Same hawezi kulizuia peke yake. Lakini wataalamu wametuonyesha kwamba matumbawe yaliyo katika maji safi hupona upesi zaidi kuliko yale yaliyodhoofishwa na tope. Kwa hiyo tulilo nalo mikononi mwetu ni hilo moja la udongo, nalo si dogo.

Wazee wetu wa Upare hawakungoja kufundishwa. Walijenga ngazi za mawe penye miteremko, wakachimba ndiva za kukusanya maji ya vijito usiku ili yagawanywe mashambani mchana, na kila mwenye shamba alitoka kwenda kuzibua mifereji siku ya kazi ya wote. Kazi hiyo ingali inafaa. Anayelima tangawizi huko Mamba, na atifuapo ardhi yote wakati wa kuvuna, na aweke makinga maji yafuatayo usawa wa mlima, si kushuka nao. Na aache majani kingoni mwa kijito, wala asilime hata ukingo wa maji. Na ndiva ikijaa tope, tope hilo lirudishwe shambani lilikotoka, badala ya kusukumwa mtoni.

Mchwa akibomolewa kichuguu huanza kukijenga tena usiku uleule. Tumbawe nalo hujenga tena, ila kwa sentimeta moja kwa mwaka, na hilo huwezekana tu akipata maji maangavu. Watu wa milimani ndio tunaokaa penye chanzo cha maji hayo, na masika yakija tutaona wenyewe rangi ya maji yatokayo katika mashamba yetu. Wanafunzi na wayateke katika chupa nyeupe, wayaache yatulie hata kesho yake, kisha wapime unene wa udongo ulio chini. Hicho ndicho kipimo cha kile tunachowapelekea wenzetu wa pwani.