Kutoka Jikoni hadi Dukani: Mazungumzo na Vikundi vya Wazalishaji wa Bidhaa Asilia

Yafuatayo ni maneno aliyoyatoa Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya vikundi vya wanawake na vijana wanaotengeneza sabuni, mafuta na bidhaa za miti shamba, katika ukumbi wa ofisi ya kata. Tumeyachapa kwa ombi la wananchi ambao hawakuweza kufika.

 

Nilipoingia nilisimama kwa muda kwenye meza zenu pale mlangoni. Nimeona mafuta ya nazi, sabuni ya mwarobaini, unga wa majani ya mlonge, jeli ya mshubiri, na chai ya mchaichai ambayo harufu yake imenifuata mpaka hapa nilipo. Afisa Maendeleo ya Jamii aliniomba niseme juu ya namna ya kuzitangaza bidhaa hizi. Nitafanya hivyo, ila nitaanzia mbali kidogo, katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, mwaka 1976.

Katika mji huo alikuwapo mama mmoja aitwaye Anita Roddick. Alizaliwa mwaka 1942 na wazazi wahamiaji kutoka Italia waliokuwa na mkahawa. Alisomea ualimu, kisha akasafiri nchi nyingi, na huko alikokwenda aliwatazama wanawake wanavyoitunza ngozi yao kwa vitu vinavyopatikana nyumbani kwao, kama vile siagi ya kakao. Jambo hilo kwetu si geni. Hakuna aliyekulia pwani asiyejua mtoto mchanga hupakwa nini baada ya kuogeshwa. Lakini Anita aliona kwamba kile ambacho bibi zetu hukifanya bila kukipa jina kingeweza kuwekwa ndani ya chupa na kuuzwa.

Aliwahi kuendesha na mumewe hoteli ndogo na mkahawa, kazi iliyowachosha. Ndipo mumewe, Gordon, alipoamua kutimiza ndoto yake ya kusafiri kwa farasi kutoka Buenos Aires hadi New York. Naona mama zangu mnatazamana. Ndiyo, mume aliaga akaenda kupanda farasi, na mke akabaki na watoto wawili wadogo wa kuwalisha. Biashara ile ilianza kwa shida hiyo ya mama kutafuta chakula cha watoto, nasi tusiipambe zaidi ya hapo.

Alihitaji mtaji wa pauni 4,000. Alikwenda benki mara ya kwanza akiwa na watoto wake, amevaa fulana ya kawaida, akaeleza wazo lake kwa furaha nyingi, akanyimwa. Mara ya pili alikwenda na mumewe, ambaye hakuwa ameondoka bado, wote wamevaa nguo rasmi na wamebeba maelezo ya biashara yaliyoandikwa vizuri. Wakapewa. Wazo lilikuwa lilelile. Mimi sifurahii hata kidogo kwamba ilibidi mwanamume asimame pembeni ndipo mama asikilizwe, na ninashukuru kwamba mikopo ya halmashauri zetu haina sharti la namna hiyo. Lakini habari ya maandishi ichukueni. Kamati inayokaa kujadili maombi yenu haiwezi kukopesha wazo lililomo kichwani mwa mwenyekiti wa kikundi. Inataka kuona gharama ya chupa moja, bei yake na anayeinunua.

Duka lake la kwanza aliliita The Body Shop. Kuta zilikuwa na unyevu na kuvu, akazipaka rangi ya kijani iliyokoza ili uchafu usionekane, na rangi hiyo baadaye ikawa alama ya maduka yake duniani. Chupa alizotumia zilikuwa zile za bei nafuu ambazo hospitali hutumia kupokelea mkojo wa kupima. Kwa kuwa hata hizo hakuweza kununua nyingi, aliwaomba wateja warudi na chupa zao awajazie tena. Lebo ziliandikwa kwa mkono. Nayasema haya kwa sababu vikundi vingi hunijia vikilalamika kwamba haviwezi kuanza kwa kukosa vifungashio vya kisasa kutoka Dar es Salaam. Chupa safi na lebo inayosomeka zinatosha kuanzia.

Jina la duka, hata hivyo, lilikuwa na mwenyewe. Huko Berkeley, California, tangu mwaka 1970 palikuwa na duka lenye jina hilohilo, nalo liliuza shampuu na losheni. Biashara ya Anita ilipokua na kutaka kuingia Marekani, ilibidi mwaka 1987 wenye duka lile walipwe dola milioni 3.5 ili waliachie jina. Kabla hamjachapa lebo 1,000, ulizeni BRELA kama jina mlilolichagua liko huru, kisha mlisajili. Ada yake ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya kubandua lebo ambazo mmekwisha kuzibandika.

Mwaka uleule wa 1976 alitaka duka la pili, benki ikakataa kuongeza fedha. Akampata mtu mmoja aliyempa pauni 4,000 kwa kubadilishana na nusu ya biashara yote. Biashara hiyo iliuzwa mwaka 2006 kwa kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa kwa pauni milioni 652. Hesabu ya nusu mtaifanya wenyewe nyumbani.

Sasa nifike pale ninapotaka kukaa. Mama huyu aliuza mafuta kwa jina la mafuta, na sabuni kwa jina la sabuni. Aliwasema hadharani wenye viwanda wanaowauzia wanawake ahadi ya kuondoa mikunjo ya uso. Kwa mtazamo wake, krimu kazi yake ni kusafisha na kulainisha ngozi, basi. Hata hivyo, mwaka 1994 mwandishi mmoja wa Marekani alichapisha makala akidai kwamba bidhaa za The Body Shop hazikuwa za asili kwa kiwango kilichotangazwa. Ulizuka mzozo mkubwa na bei ya hisa za kampuni ikaanguka. Wapo waliomtetea na wapo waliomlaumu. Lakini oneni jinsi neno moja tu, neno "asilia," lilivyoweza kuitikisa kampuni yenye maduka katika nchi nyingi. Sisi tunaliandika neno hilo kwenye kila chupa bila kufikiri mara mbili.

Nina sababu yangu ya kulisema hili, na niliomba ruhusa nyumbani kabla ya kulileta hapa. Miaka michache iliyopita, katika maonesho ya wajasiriamali, nilimpiga picha mama mmoja mwenye meza nzuri kuliko zote. Alikuwa mchangamfu, bidhaa zake zimepangwa kwa ustadi, na moja kati ya hizo ilikuwa unga wa majani ndani ya kopo. Niliichapa picha ile katika jarida hili, ukurasa wa mbele, na chini yake nikaandika maneno ya sifa. Lebo ya kopo ilisomeka vizuri pichani. Iliorodhesha kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na mambo mengine, na mbele ya orodha hiyo palikuwa na neno "hutibu."

Mama yangu mzazi ana kisukari. Aliliona jarida, akaona kazi ya mwanawe, akanunua kopo mbili. Kwa kuwa kopo lilisema hutibu, aliviweka kando vidonge vya hospitali. Hakuniambia, maana kwake jambo lililochapishwa na Halmashauri lilikuwa limekwisha kuthibitishwa. Baada ya majuma kadhaa alipata kidonda mguuni ambacho hakikupona. Tulipomfikisha hospitali sukari ilikuwa juu mno. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini amepoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Nilikwenda kumtafuta yule mama wa meza nzuri nikiwa na hasira. Nikamkuta si tapeli. Alikuwa akitumia unga ule yeye mwenyewe, aliuamini, na neno "hutibu" alilikuta kwenye lebo ya mtu mwingine akalinakili. Tulikaa kimya barazani kwake, yeye na lebo yake, mimi na picha yangu. Mpaka leo sijaweza kusema ni nani kati yetu aliyekosea zaidi. Lakini mimi ndiye niliyesomea habari, na kuuliza maswali kabla ya kuchapa ilikuwa kazi yangu, si yake.

Ndiyo maana leo mjasiriamali anapotaka picha ya bidhaa yake itoke katika jarida hili, namwomba kwanza anioneshe amesajiliwa wapi. Wengine hukasirika. Nawavumilia.

Sasa tuseme hayo ya usajili kwa lugha nyepesi, kwa kuwa njia ziko mbili na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya sabuni, mafuta ya kujipaka, shampuu, pamoja na vyakula kama chai na unga wa lishe. Hizi tangu mwaka 2019 ziko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kabla ya hapo zilisimamiwa na TFDA, ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Wazalishaji wadogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililopo tangu mwaka 1973. SIDO huwapa mafunzo na barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo TBS humhudumia mjasiriamali mdogo bila malipo katika hatua za mwanzo. Watakuja kuona mnapotengenezea: sakafu, maji, mahali pa kunawia, na kama mbuzi wanapita. Nasema mbuzi kwa sababu nimeshuhudia. Na ninyi wenye jeli ya mshubiri, jueni kwamba bidhaa yenye maji ndani yake huota kuvu na vijidudu upesi kuliko mafuta matupu. Ulizeni juu ya hilo mapema, msingoje mteja awarudishie kopo.

Njia ya pili ni ya bidhaa inayosema inatibu. Neno hilo likishaandikwa, umetoka katika vipodozi na vyakula, umeingia katika dawa. Hapo yupo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, chini ya Wizara ya Afya. Baraza husajili waganga, vituo na dawa zenyewe, na dawa hupimwa usalama wake katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Halmashauri yetu inaye mratibu wa tiba asili, anapatikana katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Njia hii ni ndefu, sitawaficha, na si ya kudharauliwa. Mti shamba uliopimwa na kusajiliwa una heshima yake. Ila kama mlonge wenu mnaukusudia kuwa lishe, uandikeni lishe. Utauzika. Watu wanaununua kwa sababu wanaujua tangu utotoni.

Kuhusu fedha, mnafahamu kwamba sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, na najua baadhi yenu mlikatishwa tamaa mkiwa katikati ya maombi. Nililipokea lawama lile kwa niaba ya wenzangu. Kikundi kianze kwa kujisajili kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye yuko ofisi ya jirani na ukumbi huu, kikiwa na katiba, muhtasari wa vikao na akaunti ya benki. Mkopo ni deni. Ukirudi, kikundi cha mtaa wa pili nacho kitapata.

Mwaka 1994 kampuni ya Anita ilianza kununua siagi ya shea kutoka kwa wanawake wa vijiji vilivyo karibu na Tamale, kaskazini mwa Ghana. Wale hawakuwa na duka wala jina kwenye chupa. Walikuwa na kazi ya mikono, na baadaye soko la nje. Anita alifariki mwaka 2007, na kampuni imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 tawi lake la Uingereza lilishindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi. Wanawake waliokuwa wakiiuzia malighafi peke yake waliyumba wasipokuwa na mnunuzi mwingine. Kwa hiyo mtu akija na gari zuri akitaka kununua nazi zenu zote kwa miaka mitano, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti na maji ya kunywa, kisha mkataba wake mleteni kwa mwanasheria wa Halmashauri ausome kabla ya kutia sahihi. Hatozi kitu.

Lebo zenu nitaziona moja moja tukimaliza, kalamu ninayo. Sasa naomba tupokee maswali, na tuanze na mama wa sabuni ya mwarobaini, ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja zile chupa za hospitali.