Vumbi la Rangi Kuukuu

Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani, bado ina nyumba za kikoloni zenye milango na madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Rangi za mafuta za zama zile mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Hatari ilijulikana: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo.

Ukarabati ndio unaonitia hofu. Fundi akipiga msasa mkavu, vumbi hutua sakafuni, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na madhara hayo hayafutiki. Tena kwa baridi ya Usambara mwezi Julai, fremu kuukuu huishia jikoni kama kuni. Sumu ikaingia kwenye moshi na majivu.

Rangi mpya nazo tusiziamini tu: shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima za madukani, likakuta baadhi zina risasi nyingi mno.

Mwenye nyumba, mwambie fundi alowanishe mbao kabla ya kukwangua, atandaze turubai, watoto na wajawazito wakae mbali. Halmashauri nayo ipime majengo yake ya zamani, ikianzia na madarasa.