KIJANA AKITAKA KUSOMEA UPIGAJI PICHA, TUMPELEKE WAPI?

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika zilizokutana Mhezi, Wilaya ya Same



Mmetuletea ombi la kijana aliyemaliza kidato cha nne. Baba yake ni marehemu. Anapiga picha za kipaimara na harusi kwa kamera ya kuazima, naye anaomba mfuko wa elimu umsomeshe "digrii ya picha". Tumesikia kamati imegawanyika. Wengine wanasema picha si kazi ya kusomea, siku hizi hata simu inapiga. Wengine wanasema kama si digrii, basi aache. Sisi hatukubaliani na upande wowote.

Kuhusu simu, tutasema machache. Kila robo mwaka tunapokea kutoka sharikani picha za miradi ambazo nyuso zote ni giza, kwa sababu mpigaji alielekeza simu kwenye jua. Mfadhili akiitazama hajui kama ni mradi wa maji au ni msiba. Kazi ipo. Mkomazi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, na iko mlangoni petu.

Sasa digrii. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), aliyeishia kidato cha nne haingii digrii moja kwa moja. Apite kidato cha sita, au apate stashahada kwanza. Isitoshe, katika vyuo vikuu vyetu picha kwa kawaida hufundishwa ndani ya uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au sanaa. Mfano ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotokana na chuo cha TSJ kilichounganishwa na chuo kikuu hicho mwaka 2003. Kwa anayetaka kuwa mwandishi, ni mahali pazuri. Kwa anayetaka kamera imlishe yeye na mama yake, ni mzunguko mrefu.

Vipo vyuo vya ngazi ya astashahada na stashahada vilivyo chini ya NACTVET, ambayo hadi 2021 iliitwa NACTE. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ni mojawapo ya kuuliza. Kwa kawaida astashahada hudai kufaulu masomo manne ya kidato cha nne, na somo la dini halihesabiwi. Wainjilisti wetu watusamehe, ndivyo mwongozo usemavyo.

Lakini usajili pekee hautoshi. Tulitembelea chuo kimoja, jina tunaliacha. Kibao kilikuwa kikubwa, ada ilikuwa kubwa, na darasa zima lilikuwa na kamera mbili, moja imeharibika. Wanafunzi walikuwa wakinakili ubaoni maelezo juu ya mwanga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada, ulizeni kamera ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Ulizeni kila mmoja anaishika kwa saa ngapi kwa wiki, kompyuta za kusafishia picha zipo au la, na mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi. Ombeni kuona picha za waliohitimu mwaka jana. Chuo kisichoweza kuzionyesha kimeshawajibu.

Wasiwasi kwamba bila digrii hatafika popote hauna msingi sana. Mohamed Amin, aliyelelewa Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix mwaka 1963, hakujulikana kwa cheti chake. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ndizo zilizoamsha dunia. Na Johannesburg kuna Market Photo Workshop, shule iliyoanzishwa na David Goldblatt mwaka 1989. Si chuo kikuu, lakini imetoa wapigaji picha wanaojulikana duniani.

Gharama nayo tuitazame yote. Ada ni sehemu tu. Kuna nauli, chumba, chakula, kamera, lenzi, betri na kompyuta. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, ila kwa fani zilizochaguliwa, hivyo msiiweke katika bajeti kabla ya kuuliza.

Pendekezo letu ni hili. Kwanza miezi mitatu katika studio Same mjini au Moshi, mfuko ukilipa chakula na malazi. Akivumilia, aende astashahada, na mfuko ununue kamera itakayobaki mali ya usharika mpaka amalize, kisha iwe yake. Stashahada na digrii zitajadiliwa wakati huo, naye akiwa tayari anaingiza kipato.

Kamati ilete matokeo yake ya kidato cha nne, barua ya chuo yenye namba ya usajili, bajeti yenye kamera ndani, na picha kumi alizopiga mwenyewe. Picha hizo tutaziangalia kabla ya barua.